Ngitili: Sheria ya Wenyeji na Ufufuaji wa Ardhi ya Shinyanga

Utamaduni wa taifa unapotajwa, fikra za wengi huelekea kwenye ngoma, mashairi, mavazi na hadithi za wazee. Hayo yote ni utamaduni, na haki yake ni kutunzwa. Lakini utamaduni hauishii uwanjani panapochezwa ngoma. Namna watu wanavyogawana maji wakati wa kiangazi, wanavyoyalinda malisho, wanavyoitana kwenye kazi, na wanavyomwadhibu mwenzao aliyeharibu mali ya wote, huo nao ni utamaduni. Tena ndio unaowapa chakula, na mwenye njaa hachezi ngoma.

Makala hii yahusu desturi moja ya Wasukuma iitwayo ngitili. Ni desturi isiyo na fahari machoni, kwani mgeni apitaye njiani haoni ila kipande cha ardhi kilichoachwa nyasi ziote. Hata hivyo, kwa desturi hiyo mkoa uliokaribia kugeuka jangwa ulirudishiwa miti, malisho na kipato, na kazi hiyo ilifanywa na wananchi wenyewe katika muda usiozidi miaka ishirini. Habari zake zafaa kuelezwa kwa utaratibu, kwa kuwa ndani yake mna swali linalomhusu kila mwenye dhamana ya maendeleo: je, kijiji hufufuliwa na amri itokayo nje, au hufufuliwa na sheria ambayo wanakijiji wanaiona kuwa ni yao?

Usukuma ni nchi ya mbuga na vilima vya mawe, kusini mwa Ziwa Victoria. Upande wa Shinyanga mvua yake ni haba, baina ya milimita 600 na 800 kwa mwaka, nayo hunyesha kwa miezi michache kisha ikakatika. Wenyeji ni wakulima na wafugaji kwa pamoja. Hulima mtama, mahindi, mpunga na pamba, na hufuga ng'ombe kwa wingi. Ng'ombe kwao ni mahari, ni maksai wa kukokota plau, ni mbolea ya shamba, ni akiba ya kuuzwa mwaka wa njaa. Basi mtu aulizaye kwa nini Msukuma anang'ang'ania ng'ombe, ni kama aulizaye kwa nini mtu wa mjini anaweka fedha benki.

Shida kubwa ya mfugaji wa nchi hiyo ni miezi ya mwisho wa kiangazi. Nyasi zimekwisha, visima vimepungua, na msimu wa kulima unakaribia. Maksai waliokonda hawawezi kuvuta plau mvua ya kwanza inyeshapo, na achelewaye kulima amekwisha kuikaribisha njaa. Ili kulikabili jambo hilo, wazee wa Usukuma walibuni ngitili. Mvua zianzapo, sehemu ya ardhi hufungwa, wala mnyama haruhusiwi kuingia. Nyasi huota, hukomaa na kukauka zikiwa zimesimama. Kiangazi kinapokuwa kikali, ngitili hufunguliwa, na wa kwanza kupelekwa ni ndama, ng'ombe wanyonge na maksai wa kulimia. Wahenga walisema akiba haiozi. Hapa akiba yenyewe ni majani yaliyosimama juani.

Kuna ngitili za namna mbili. Ya kwanza ni ya mtu na jamaa yake, ambayo aghalabu huwa karibu na nyumba. Ya pili ni ya jumuiya, na mipaka yake hujulikana na wote. Nyasi zikilindwa, miti nayo hupata nafasi, kwa sababu visiki na mizizi iliyomo ardhini huchipua upya ikiwa haiguswi na jino la mbuzi wala makali ya shoka. Hivyo desturi iliyokusudiwa kulinda malisho ililinda pia msitu, na msitu ukawapa watu kuni, fito, dawa, asali na matunda ya porini.

Desturi ya namna hii haiwezi kusimama peke yake bila watu wa kuisimamia. Wasukuma walikuwa na baraza lao la hadhara, dagashida, ambamo mambo ya wote yalijadiliwa na makosa yalihukumiwa. Walikuwa pia na vikundi vya kazi vya vijana, vyenye kiongozi aliyeitwa nsumba ntale, ambavyo viliitwa kulima shamba la mtu kwa zamu au kwa malipo ya chakula na kitoweo. Bugobogobo, ngoma ya majembe iliyokuja kujulikana nchini kote, ilizaliwa katika kazi hiyo: majembe hupanda na kushuka kwa mdundo mmoja, na mwimbaji huwatia wenzake hima. Tukiitazama ngoma hiyo jukwaani leo, tusisahau kuwa mama yake ni shamba. Mtu aliyelimiwa na wenzake kwa wimbo hawezi kesho yake kukataa kulinda mpaka wa malisho yao.

Kama mambo yalikuwa hivyo, nchi iliharibikaje? Sababu zake ni nyingi, nazo zilikuja moja baada ya nyingine.

Sababu ya kwanza ilikuwa vita dhidi ya mbung'o. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni, kwa uongozi wa C. F. M. Swynnerton, ilianza kufyeka misitu ya Shinyanga ili kuwaangamiza wadudu hao waletao nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. Maelfu ya wananchi waliitwa kupitia kwa watemi wao, wakashika mashoka, na kazi ya kufyeka ikaendelea kwa miongo kadhaa. Mbung'o walipungua kweli, na watu wakapata mahali papya pa kukaa na kulisha. Lakini miti iliyokatwa haikurudishwa, na ardhi iliyofunguliwa ilijaa watu na mifugo upesi.

Sababu ya pili ilikuwa pamba. Zao hili liliwapa Wasukuma fedha ya kodi, ya nguo na ya ada za shule, wala hatuna budi kulishukuru. Hata hivyo liliongeza haja ya mashamba. Mahali palipokuwa pakipumzishwa pakalimwa, na faida ya pamba ikanunuliwa ng'ombe. Ng'ombe wakaongezeka huku malisho yakipungua.

Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, na makao yake yakawekwa Malya. Waliouandaa waliona sawasawa kwamba ardhi inachoka. Dawa waliyoitoa, hata hivyo, ilikuwa amri juu ya amri: lima matuta hivi, weka mbolea hivi, punguza ng'ombe kwa kiasi hiki, na asiyetii atozwe faini. Wananchi hawakushauriwa kwa namna ya kusikilizwa. Matokeo yake yalikuwa chuki. Mwaka 1958 watu wa Geita waliinuka kupinga utawala uliowaletea masharti hayo na mengine, na kabla ya Uhuru sheria nyingi za mpango ule zilikuwa zimekwisha kuachwa.

Wapo waliosema wakati ule kuwa Msukuma ni mkaidi na hapendi maendeleo. Historia yawasuta. Katika miaka hiyo hiyo ya 1950, wakulima wale wale waliokataa matuta ya amri walikuwa wakijenga vyama vya ushirika kwa hiari yao. Walichoshwa na wanunuzi wa pamba waliowapunja kwenye mizani, wakaweka watu wao wa kupima, wakachanga fedha, na kwa uongozi wa Paul Bomani na wenzake wakaunda vyama vya msingi vingi. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana katika shirikisho lililokuja kuhesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Watu hao hawakuikataa kazi wala umoja. Walichokikataa ni kufanywa vibarua katika ardhi yao wenyewe.

Baada ya Uhuru taifa lilikusudia kuwakusanya wananchi katika vijiji ili wapate shule, maji na zahanati. Kusudi lilikuwa jema, na wengi wetu tuliosoma na kuwaona ndugu zetu wakisoma tunalijua tunda lake. Lakini katika Shinyanga kuhama kwa mwaka 1974 na miaka iliyofuata kulifanywa kwa haraka, na jamaa nyingi ziliziacha ngitili zao mbali na makazi mapya. Kitu kisicho na jicho la mwenyewe hakina mlinzi. Ngitili zikaliwa na mifugo ya kila apitaye, miti ikakatwa kwa kuni na kwa kujengea nyumba za vijiji vipya, na ardhi kandokando ya makazi ikakanyagwa hata ikabaki vumbi.

Ilipofika miaka ya 1980 mwanzoni, sehemu kubwa ya Shinyanga ilikuwa uwanda mtupu. Wanawake walitembea mwendo mrefu kutafuta kuni, na palipokosekana kuni walipikia samadi na mabua ya pamba, vitu ambavyo vingefaa kurudishwa shambani. Mwaka 1984 Rais Julius Nyerere alizuru mkoa huo, akaiona hali ilivyo, na jambo hilo likawa chanzo cha serikali kuandaa mpango maalumu wa kuiokoa ardhi.

Mpango huo ulianza mwaka 1986, ukaitwa Hifadhi Ardhi Shinyanga, kwa kifupi HASHI, na baadaye ukapata msaada wa Norwei. Kabla yake serikali ilikuwa na mpango mwingine wa jamii hiyo, Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, ulioanzishwa mwaka 1973. Huko Kondoa, mwaka 1979, mifugo yote iliondolewa katika eneo lililomomonyoka, lenye zaidi ya kilomita za mraba elfu moja. Nyasi na miti vilirudi, na asiyekubali hilo hasemi kweli. Lakini wenye mifugo walibeba mzigo mzito, maana walipoteza maziwa, samadi na akiba yao kwa siku moja. Shinyanga isingeweza kufuata njia hiyo: kuwaondoa ng'ombe Usukuma ni kuwaondoa Wasukuma.

Mwanzoni HASHI nayo ilitegemea vitalu na miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni, igawiwe wananchi waipande. Njia hiyo ilikwenda polepole. Mche unahitaji maji mahali ambapo mtu mwenyewe hana maji, na mti mgeni hauna jina wala kazi katika nyumba ya mkulima. Ndipo watumishi wa mpango walipoketi na wazee na kuwauliza maswali mepesi: zamani nchi hii ilikuwaje? Ni miti gani mliyoipenda, na kwa kazi gani? Mlihifadhije malisho? Jibu lilikuwa neno moja ambalo hata mtoto wa Kisukuma alilijua: ngitili.

Hapo kazi iligeuka. Badala ya kumfundisha mwananchi jambo jipya kabisa, serikali ilimsaidia kulirudia jambo lake na kulipanua. Maofisa walitembelea vijiji, wakaonyesha sinema na michezo ya kuigiza, wakawachukua wakulima kwenda kuona ngitili za wenzao. Tangu miaka ya 1990 mwanzoni watafiti wa kilimo mseto nao walishiriki, wakijifunza kwa wenyeji tabia za miti ya asili na kuwaeleza walichokigundua. Miti ilirudi kwa gharama ndogo, kwa kuwa mizizi yake haikufa; ilikuwa ikingojea tu iachwe.

Jambo kubwa zaidi, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni namna sheria mbili zilivyoshikana mikono. Serikali za vijiji zilitunga sheria ndogo za kulinda ngitili, zikaidhinishwa na halmashauri za wilaya. Upande wa pili dagashida ilitoa hukumu kwa mila, na sungusungu, jeshi la jadi lililozuka Usukuma mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kupambana na wezi wa ng'ombe, likachukua jukumu la kuwakamata waharibifu. Karatasi yenye muhuri ilimpa mwanakijiji nguvu mbele ya mtu wa nje. Neno la wazee lilimpa nguvu mbele ya jirani yake. Moja bila ya jingine lingepwaya: mhuri hauoni usiku ng'ombe anapoingizwa, na mzee hana cha kumwonyesha tajiri ajaye na gari kutaka mkaa.

Matokeo yalionekana kwa macho na kwa hesabu. Mwaka 1986 ngitili zilizoandikwa katika mkoa mzima hazikuzidi hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 uchunguzi wa vijiji 172 ulikuta ngitili zaidi ya 18,000, zenye jumla ya karibu hekta 78,000. Na kwa kukisia katika vijiji zaidi ya 800 vya mkoa, eneo lililofufuliwa lilifikia hekta 350,000 au zaidi. Wataalamu walihesabu ndani yake aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo, na aina 145 za ndege. Mpango wenyewe ulimalizika mwaka 2004, lakini ngitili hazikuwa mali ya mpango.

Tuyatazame na mambo ya riziki, maana msitu usiomfaa mtu haudumu. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2005 ulikadiria kwamba mazao ya ngitili yalikuwa na thamani ya kama dola 14 za Kimarekani kwa mtu kwa mwezi, wakati ambapo matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini nchini yalikuwa dola 8.50. Fedha hiyo haikuja yote mkononi. Nyingi ilikuwa kuni zisizonunuliwa, dawa zisizofuatwa mbali, nguzo za nyumba, maziwa ya watoto. Wanawake waliokoa baina ya saa mbili na sita kwa siku zilizokuwa zikipotea katika kutafuta kuni. Vijiji viliuza nyasi, fito na asali, na fedha ya ngitili za jumuiya ikasaidia kujenga madarasa na kukarabati zahanati. Haya ndiyo maendeleo ya uchumi tuyasemayo katika hotuba, ila hapa yaliota ardhini.

Lakini mwandishi wa historia asiyetaja kasoro ni mpiga debe tu. Ngitili ilileta neema, na neema haikugawanyika sawa. Katika vijiji 172 vilivyochunguzwa, ngitili za jumuiya hazikufika 300. Nyingine zote zilikuwa za watu binafsi, ingawa zile chache za jumuiya ndizo zilizokuwa kubwa. Mwenye ardhi nyingi na ng'ombe wengi alifunga eneo kubwa na kuvuna zaidi, hata akauza malisho kwa wenzake. Asiye na ng'ombe wala ziada ya ardhi alitegemea ngitili ya jumuiya peke yake. Basi kila kipande cha ngitili ya jumuiya kinapomegwa na kugawiwa watu, ni maskini anayefungiwa mlango, na anafungiwa kwa jina la hifadhi.

Kadhalika lipo suala la wanawake. Wao ndio waliotembea kutafuta kuni, na wao ndio walioijua miti ya dawa kwa kuwauguza watoto. Hata hivyo, kwa mila ya Wasukuma ardhi hurithiwa upande wa wanaume, na sauti zilizosikika katika dagashida zilikuwa za wanaume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilimpa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki ardhi. Kuipenda mila si kuiabudu. Mila iliyoweza kupokea muhuri wa halmashauri yaweza pia kupokea sauti ya mama, na ikishindwa hilo itakuwa imejipunguzia walinzi wake nusu.

Tena ardhi haiongezeki, na watu wanaongezeka. Jamaa nyingi za Kisukuma zimekwisha kuhama na mifugo yao kwenda Rukwa, Mbeya, Morogoro na kwingineko, na huko pametokea ugomvi na wakulima uliomwaga damu. Wanapohama huwachukua ng'ombe, lakini hawawezi kuichukua dagashida wala mpaka wa ngitili ya jumuiya. Hapo twaona tena kwamba hasara ya malisho ni pia hasara ya utaratibu wa kuishi na watu.

Yatupasa basi kujifunza nini? Kwanza, sisi tulioshika kalamu za serikali tusiende kijijini na jibu kabla ya kuuliza swali. Amri za 1947 zilikuwa na elimu ndani yake, zikashindwa. Ngitili ilikuwa na elimu ile ile kwa lugha ya wenyewe, ikafaulu. Pili, mwenye kulinda na ale. Hakuna mwananchi atakayekesha akilinda mti ambao mavuno yake yatakwenda kwa mwingine, na kumwita ashiriki katika jasho bila kumshirikisha katika tunda ni kumdanganya. Tatu, mali ya jumuiya iandikwe, ipimwe na ilindwe kwa sheria kama ilindwavyo mali ya mtu mmoja, kwa sababu maskini wa kijiji hana hazina nyingine.

Shinyanga ya HASHI imekwisha kugawanywa: tangu 2012 upande wake wa mashariki uko katika Mkoa wa Simiyu, na Bukombe iko katika Mkoa wa Geita. Mipaka ya utawala hubadilika kwa tangazo la siku moja. Mpaka wa ngitili huwekwa na watu wanaojuana, na huheshimiwa kwa muda ule tu ambao kila mmoja wao ana cha kuvuna nyuma yake. Kazi ya sheria zetu na ya viongozi wetu ni kuhakikisha kuwa kila mmoja anacho.